Tochi Nyekundu ya Ntalikwa

Wakati wa Waingereza nilikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, katika hospitali ya Tabora, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchukua damu za watu. Maneno hayo, "kuchukua damu", tuliyatumia sisi wenyewe bila kufikiri yanasikikaje katika sikio la mtu mwingine. Kwa kweli lilikuwa tone moja tu. Nilichoma ncha ya kidole kwa sindano, nikakamua tone, nikalipaka kwenye kipande cha kioo chembamba, nikaandika namba, na jioni nikampelekea Bwana Daktari sanduku la vioo aviangalie kwa hadubini. Tulikuwa tunatafuta malale. Misitu ya kwetu ilijaa mbung'o, wale nzi wanaoyaeneza, na walioingia humo kurina asali au kukata kuni walirudi na homa ambayo mwanzoni hufanana na homa nyingine yoyote. Malale ukiyawahi, mtu hupona. Ukiyachelewa yanaingia kichwani, na hapo mgonjwa husinzia tonge likiwa mkononi.

Nilipoanza kutafuta tochi nyekundu sikuona uhusiano wowote kati ya tochi hiyo na kazi hii. Damu ilikuwa kazi ya mchana ya serikali. Tochi ilikuwa yangu mwenyewe.

Baba yangu alikuwa mpagazi katika ujana wake, kabla reli haijafika Tabora. Alikwenda pwani mara nne, mzigo begani, na katika safari zote hizo hakupenda kusimulia ila habari za nyota. Misafara iliondoka kabla ya mapambazuko ili kulikwepa jua, na kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, alijua saa ya kuwaamsha watu kwa kutazama juu. Baba alinionyesha nyota hizo tukiwa tumekaa nje baada ya chakula, nami nikayaandika majina yake kwenye daftari la shule. Alipofariki daftari lilikuwa na majina kumi na moja, kama walivyoyatamka wapagazi wenyewe. Matano nilijua ni ya nyota zipi. Sita sikuwa na hakika nayo, na baba hakuwepo tena wa kumuuliza. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Katika mtaa wa Mtendeni nilipopanga chumba kulikuwa na Mhindi mpiga picha. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kama kumi, mjane, mtu wa maneno machache. Alikuja hospitali kwa sababu ngozi ya vidole vyake ilikuwa ikibanduka kwa ajili ya dawa za kusafishia picha. Nilimfunga vidole kwa wiki tatu, na wiki ya tatu aliona daftari langu mezani, akaniuliza ni la nini. Nilipomweleza akasema nyumbani kwake kuna kitabu chenye ramani za mbingu, na darubini ya macho mawili aliyoinunua kwenye mnada wa Mzungu mmoja aliyerudi kwao.

"Njoo jioni," akasema. "Lakini ukija usije na taa."

Jioni hiyo alinifundisha jambo ambalo baba hakunifundisha, kwa kuwa wapagazi hawakuwa na ramani ya kusoma. Chumba chake cha giza, alimosafishia picha, kilikuwa na taa ya mafuta ndani ya debe lenye kioo chekundu. Alikuwa ameona kwamba akikaa humo saa nzima na taa ile, kisha akatoka uani usiku, nyota zote anaziona papo hapo. Lakini akiwasha taa ya karabai dukani, hata kwa dakika moja, akitoka nje anakuta mbingu tupu, na macho hayarudi mpaka nusu saa ipite.

"Mwanga mweupe unayafukuza macho ya usiku," alisema. "Mwekundu unayaacha yakae. Ila lazima uwe mdogo. Mwekundu mkali ni sawa na mweupe."

Basi tukaanza kutafuta tochi. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua zilikuwa hazijafika, na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, ilikuwa ikipanda mashariki mapema usiku. Tuliitumia Kilimia kama mizani yetu. Tulikaa uani kwake gizani nusu saa, kila mmoja akahesabu nyota za Kilimia kimoyomoyo. Mtu aliyetoka kwenye mwanga huona sita, tena kwa shida. Macho yangu yakishatulia yaliona nane. Yake yaliona tisa, nami nilimwonea wivu. Kisha tuliwasha taa tunayoijaribu, tukasoma mstari mmoja wa ramani, tukazima, tukahesabu tena. Nyota zikipungua, taa haifai.

Ya kwanza niliileta mimi. Jirani yangu alikuwa gadi wa treni, na aliniazima taa yake ya ishara, ile yenye kioo chekundu kinene. Nilikuwa na uhakika nayo. Tulipoiwasha, ukuta wote wa ua ukawa mwekundu, na Kilimia ikabaki na nyota tano. Rafiki yangu akacheka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Taa hii imetengenezwa ili dereva aione akiwa maili nzima," akasema. "Sisi tunataka taa isiyoonwa na mtu."

Baadaye nilinunua tochi ya mawe matatu, nikaifunga kitambaa chekundu usoni. Kwa tabaka moja mwanga ulikuwa wa waridi. Kwa mawili ulikuwa mwekundu kidogo. Kwa manne ulikuwa mwekundu hasa, lakini pembeni, pale kitambaa kilipokunjwa, mwanga mweupe ulipenya kama wembe na kunipiga machoni kila nilipoinamia kitabu. Tulijaribu karatasi nyekundu za peremende, zikachuja kwa siku chache. Tulijaribu kupaka rangi globu yenyewe, rangi ikapata joto na kunyauka, na harufu yake ikatutoa uani tukikohoa. Mwenye duka aliyeniuzia zile tochi alianza kuniuliza nyumbani kwangu kuna nini.

Iliyofaa hatimaye ilikuwa tochi ndogo ya bati, ya mawe mawili, tena mawe yaliyokwisha nguvu. Rafiki yangu alikata kipande cha kioo cha taa yake ya zamani iliyovunjika, akakisugua kingo kwenye jiwe mpaka kikaingia sawasawa. Nyuma ya kioo aliweka karatasi nyembamba ili mwanga usambae usifanye doa moja katikati, na mzunguko mzima akauziba kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Ukiishika shubiri moja juu ya kitabu unasoma. Ukiisogeza mbali kidogo huoni kitu. Tulihesabu Kilimia kabla, nikapata nane. Tukasoma ukurasa mzima. Tukahesabu tena, nikapata nane. Yeye alipata tisa zake. Tulipeana mikono pale gizani kama watu waliomaliza kujenga nyumba.

Kulikuwa na kosa moja tu dogo. Majina ya baba nilikuwa nimeyanakili kwenye ramani kwa wino mwekundu ili yapendeze, na chini ya mwanga mwekundu yalipotea yote, karatasi ikabaki kama haijawahi kuandikwa. Nikayarudia kwa penseli nyeusi.

Mjini taa za stesheni na za barabarani zilitusumbua, kwa hiyo Jumamosi zisizo na mwezi tukawa tunakwenda kwa baiskeli mpaka Ntalikwa. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa huko, na shamba lake lilikuwa na kichuguu kikubwa pembeni ambacho kilitukinga upepo. Tulitandika mkeka nyuma ya kichuguu. Dada alituletea viazi vya kuchoma, akakaa nasi kidogo, kisha akarudi kulala. Katika safari mbili za kwanza nilipata majina mawili kati ya yale sita. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kazini.

Mwaka ule mvua zilichelewa sana. Desemba ilipita na mawingu machache tu. Watu walikuwa wamekwisha lima na kupanda, na mbegu zikakauka ardhini. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia anga safi.

Mwanzoni mwa Januari dada alikuja Mtendeni siku ya soko. Aliweka kapu chini, hakuketi.

"Mdogo wangu," alisema, "usilete tena watu shambani usiku."

"Kwa nini?"

"Watu wanasema. Wake zao wanatoka kuchota maji usiku sasa, maana kisima kimepungua na mchana kuna foleni. Wanaona nyuso mbili nyekundu pale kwenye kichuguu. Hazina miili. Nyuso tu, zimeinama chini."

Nikamwambia ni tochi, na kwamba tunasoma kitabu.

"Mimi najua ni tochi. Wao wanasema mchana unachukua tone moja ili uonje damu ya nani ni nzuri. Usiku unarudi na Mhindi wako kuchukua iliyobaki. Wanasema ni mumiani."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, kwa sababu dada hakucheka. Nilikuwa nimezaliwa miongoni mwa watu wale. Nilizungumza lugha yao, nilikula vyakula vyao, na nilidhani mtu wa nyumbani hawezi kuitwa mumiani. Pia, na hili ni gumu zaidi kulisema, nilikuwa nimebakiwa na majina manne, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya giza. Nilimwambia dada nitafikiri. Rafiki yangu sikumwambia lolote. Nilijua nikimwambia hatakuja, na kitabu na darubini vilikuwa vyake.

Jumamosi ile tulifika baada ya jua kuzama. Ilipofika saa tatu macho yalikuwa yamekwisha tulia kabisa. Rafiki yangu alikuwa na darubini usoni, mimi nimeinamia ramani. Sikusikia hatua. Nilichosikia ni rungu likishuka juu ya mkono wake, sauti kavu kama ya kuni inayovunjwa, kisha yeye akianguka juu ya miguu yangu.

Walikuwa kumi, labda kumi na wawili. Nilipaza sauti kwa Kinyamwezi, nikataja jina la baba yangu na la dada yangu, nikasema ni mimi.

"Ndiye mwenyewe," mtu mmoja akajibu kwa utulivu. "Ndiye wa damu."

Walimpiga yeye kuliko mimi. Pengine ni kwa kuwa alikuwa mgeni, pengine ni kwa kuwa mimi nilikuwa nikiita kwa lugha ya mama zao na mikono yao ikawa mizito. Nilijilaza juu yake, lakini kichwa chake kilibaki nje. Dada alifika akikimbia na kijinga cha moto mkononi, akakipeperusha mbele ya nyuso zao huku akiwaita mmoja mmoja kwa majina ya wake zao. Hilo ndilo lililowatawanya. Mtu akijulikana hukimbia.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha waona kabla hajafika. Macho yangu yalikuwa yamekaa gizani zaidi ya saa nzima, na ile tochi tuliyoihangaikia haikuyaharibu hata kidogo. Niliona kila uso uliokuwa karibu. Aliyevunja mkono wa rafiki yangu alikuwa mrina asali mmoja, jirani ya dada, mtu niliyewahi kula kwake.

Tulimpeleka rafiki yangu mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe, safari ya usiku kucha. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili na kichwani alishonwa nyuzi kumi na moja. Nilishika bakuli wakati Bwana Daktari akimshona.

Jumatatu niliitwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Tochi ilikuwa mezani kwake, askari walikuwa wameiokota.

"Uliwaona watu hao?"

"Kulikuwa giza, Bwana."

"Lakini mlikuwa na tochi."

"Ni hafifu mno."

Akaichukua, akaiwasha. Ilikuwa saa nne asubuhi na dirisha liko wazi. Hata haikuonekana kama imewaka. Aliielekeza ukutani, akaielekeza kwenye kiganja chake, akatikisa kichwa, akaandika kwamba shahidi hakuweza kutambua mtu, kisha akanirudishia. Uongo wangu aliuamini kwa sababu ya tochi ile. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu.

Sababu zangu nilikuwa nazo. Ningetaja majina, watu watano sita wangefungwa, na Ntalikwa yote ingejua kwamba dresa amewapeleka jela baada ya kuwanywa damu. Hakuna mtu ambaye angenipa tena kidole chake. Na kweli, wiki ile ile nilikwenda kuchukua vipimo nikakuta uwanja mtupu, kuku tu na mzee mmoja kiziwi. Wengine walikuwa wamejificha msituni, huko huko kwenye mbung'o. Lakini sababu nzuri haziondoi ukweli kwamba mtu alivunjwa mkono pembeni yangu nami nikasema sikuona.

Siku tatu baadaye dada alikuja hospitali kumjulia hali, amebeba mayai kwenye kibuyu kilichokatwa. Alimpa pole, akamwambia ameumia sana moyoni kwamba jambo lile lilitokea shambani kwake.

"Na nilikuwa nimemwambia huyu mdogo wangu," akaendelea bila ubaya wowote, "siku ile ya soko, kwamba watu wana maneno, msije tena."

Rafiki yangu alinitazama. Jicho moja lilikuwa bado limevimba.

"Ulijua?"

"Nilisikia maneno," nikasema.

"Kabla ya Jumamosi?"

"Kabla."

Akageuza uso ukutani. Dada alitazama huku na huku, akaelewa, akaweka mayai chini ya kitanda na kuondoka.

Nilikwenda kila siku kubadilisha bandeji yake, na kila siku alinipa mkono wake kama anavyompa mtu asiyemjua. Siku ya kutoka alizungumza.

"Majina ya waliotupiga uliyaficha kwa Bwana Shauri, na hilo nalielewa," alisema. "Wale ni watu wako na kazi yako iko kwao. Ningekuwa wewe, huenda ningeficha. Lakini ile habari ya soko ilikuwa yangu mimi pia. Ningepima mwenyewe kuja au kutokuja. Ulipima kwa niaba yangu, kwa sababu ulitaka kitabu changu."

Ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo nilimwomba jumbe wa Ntalikwa aite baraza, mchana, nikaenda peke yangu na tochi ile. Jumbe alinipa nyumba yake, tukafunga madirisha kwa magunia, na watu wakaingia watatu watatu. Wengi walisimama karibu na mlango. Niliwasha tochi, nikaiweka juu ya daftari langu, nikawaonyesha majina ya baba. Bibi mmoja aliyekuwa amemfahamu baba akauliza kwa nini iwe nyekundu.

Nikamuuliza, "Ukitoka jikoni usiku, ulikuwa unakodolea moto, unaiona njia?"

"Sioni. Nasimama kwanza."

"Basi huu ni moto mdogo usiokufanya usimame."

Akaitikia kwa kichwa. Nilifarijika, nikadhani nimewapata. Ndipo kijana mmoja wa nyuma akasema, "Hayo yote tumeyaelewa leo kwa muda wa kupika ugali. Kwa nini hukutuambia siku ya kwanza?"

Nikasema sikufikiri kuwa yanawahusu. Watu walinong'ona, na hakuna aliyenisaidia.

Mwisho nilichukua sindano nikajichoma kidole mwenyewe mbele yao, nikapaka tone kwenye kioo. Jumbe akatoa kidole chake. Bibi yule akatoa chake. Siku hiyo nilipata vioo tisa, wakati zamani kijiji kile kilinipa zaidi ya mia.

Mrina asali alikuja wiki iliyofuata, mchana, na mkewe nyuma yake. Mke alikuwa rafiki mkubwa wa dada, mwanamke aliyekuwa akiimba akitwanga. Sasa alitembea akishika bega la mumewe. Mume alisimama mbele ya meza yangu.

"Unanijua," akasema.

"Nakujua."

"Usiku ule pia ulinijua?"

"Ndiyo."

"Mbona sijafungwa?"

"Lete mkono wa mkeo," nikamwambia.

Mke alikuwa na homa tangu Novemba. Mumewe alimzuia asije kwenye vipimo vya Desemba na vya Januari, akamficha kwenye kambi yake ya asali, mwendo wa siku mbili ndani ya msitu. Nilipokuwa napaka tone lake kwenye kioo alisinzia ameketi. Jioni Bwana Daktari alitazama kwa hadubini, kisha akatoa maji ya uti wa mgongo akatazama tena. Malale yalikuwa yameingia kichwani.

Alilazwa miezi mitano. Sindano alizopigwa zilikuwa kali, na kulikuwa na wiki mbili ambazo hakumtambua hata mumewe. Mume alilala nje ya wadi, kwenye baraza, miezi yote mitano. Nilimpita kila asubuhi. Tulisalimiana. Siku moja aliniletea kopo la asali, nami nikalipokea, nikalipeleka nyumbani kwa mpiga picha, nikaliacha mlangoni. Sijui kama alilila.

Mwanamke yule alipona, kwa maana kwamba hakufa. Alirudi Ntalikwa mikono ikitetemeka, na maneno yake yalitoka polepole kama anayatafuta shimoni. Hakuweza tena kuinua chungu. Mwaka mmoja baadaye nilikaa naye nyumbani kwa dada tukimenya karanga, na nikamweleza yote, tochi, maonyo ya dada, na kwamba nilicheka. Nilifikiri nina deni la kumwambia.

Alisikiliza hadi mwisho. Karanga moja ilimchukua muda mrefu kuimenya.

"Mume wangu naye ananiomba msamaha," akasema. "Kila siku. Nimechoka kusamehe watu. Wewe menya tu."

Nikamenya.

Mpiga picha aliuza duka akahamia Mwanza kwa ndugu zake. Mkono wake ulipona umepinda kidogo, na alisema hauwezi tena kushikilia darubini kwa muda mrefu. Nilikwenda stesheni kumuaga. Alikuwa na adabu kama siku zote, aliniuliza hali ya dada, akaniuliza kama mvua za mwaka ule zinatosha. Treni ilipopiga honi alinipa mkono ule mzima. Sikupata barua yake, wala mimi sikumwandikia.

Nyota za yale majina manne hazikupatikana. Nilijaribu mara mbili tatu peke yangu, bila kitabu, lakini kila nilipotulia gizani nilikuwa nikisikiliza nyuma yangu.

Kazi niliendelea nayo miaka mingi, katika vijiji vingine vya njia ile ya zamani ya misafara, mpaka Waingereza walipoondoka. Nilijifunza kufika siku moja kabla ya vipimo. Nilipanga sindano na vioo juu ya mkeka uwanjani, nikakaa, na kila aliyetaka kushika alishika na kila aliyetaka kuuliza aliuliza, hata yale maswali ya matusi, mpaka jua lilipozama. Jumbe mmoja aliwahi kulalamika kwangu kwamba nachelewesha kazi ya serikali kwa siku nzima. Nikamwambia ni kweli, naichelewesha, nikamwomba anipatie mkeka mwingine, wa wanaouliza kukalia.